Niliruhusu picha ya mwanangu ikae ukutani tu

Admin, naomba unifichie jina, na kisa hiki usikiwekee picha yoyote, hata ya kuokota mtandaoni. Ukimaliza kusoma utanielewa.

Mimi ni mama wa miaka 34, nauza mchele hapa Tunduma. Mume wangu ni dereva wa lori, anavuka mpaka kwenda Zambia na Congo, hivyo nyumbani yupo kwa nadra. Tulikuwa na binti mmoja, hapa nitamwita Neema. Figo zilimsumbua, akavimba uso na miguu, tukahangaika naye hospitali mpaka Mungu akamchukua. Alikuwa na miaka tisa.

Kabla hajaanza kuumwa nilimpeleka studio apigwe picha ya sikukuu. Gauni la njano, nywele zimesukwa vizuri, anacheka mpaka pengo linaonekana. Mpiga picha aliipenda, akaomba aibandike kwenye ukuta wa nje, pale wanapoweka picha za wateja ili wapita njia waone kazi yao. Nikakubali, tena kwa maringo. Tukipita pale Neema alikuwa ananivuta mkono, anasema twende tukamsalimie yule dada wa ukutani.

Baada ya msiba, siku moja jirani alinifuata sokoni na simu yake. Picha ile ile iko kwenye tangazo la dawa ya figo. Upande mmoja kuna mtoto nisiyemjua, amevimba, wameandika KABLA. Upande wa pili ni Neema wangu na gauni lake, wameandika BAADA. Nikakaa juu ya gunia la mchele.

Nilienda kwa mpiga picha. Akasema aliiweka kwenye ukurasa wake kutangaza kazi, huyo wa dawa ameichukua huko. Nikamuuliza nani alimruhusu kuitoa ukutani. Akanijibu bila hata kuacha kufuta lenzi, "Mama Neema, ile picha nimepiga mimi. Wewe ulilipia kuchapishiwa." Muuza dawa nilipompigia alisema kitu kikishakuwa mtandaoni ni cha wote, akanifungia namba. Nikaandika chini ya tangazo kwamba mtoto huyu ni marehemu. Watu wakanitukana, wakasema nimetumwa na washindani, kisha maneno yangu yakafutwa. Nimeripoti polisi, naambiwa suala linafuatiliwa. Tangazo linaendelea kupita.

Ningeumia kimya kimya, ila wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Kamsamba. Mtu aliandika kwenye tangazo kwamba mtoto huyo anamfahamu, ni wa Tunduma, ndipo yule mama akaulizia mpaka akafika kwangu. Mgongoni alibeba mtoto wa kiume ambaye macho yake hayafunguki kwa uvimbe. Ameacha kwenda kliniki, anampa ile dawa ya chupa.

"Dada yangu, sijaja kuomba kitu," alisema. "Nionyeshe tu mtoto wako. Nikimwona nitarudi na moyo."

Nilimwambia Neema amekufa, arudi hospitali haraka. Akajibu kwamba anaelewa, hata yeye angekuwa na mtoto aliyepona angemficha na macho ya watu. Akaniachia namba, akaondoka na mwanawe.

Sasa nina picha moja kwenye simu inayoweza kumfanya aamini. Niliipiga wodini wakati baba yake amekwama Congo. Neema alikuwa amejifunika kanga usoni, hataki. Nikambembeleza, akaifunua, akasema, "Mtumie baba tu. Wengine wasinione hivi." Nikamwahidi. Ndiyo picha yake ya mwisho.

Nilimpigia mume wangu nikamweleza. Akasema, "Mwache mtoto wangu. Kuna mahali watu wanaamini amepona. Na mimi huko njiani naangaliaga hilo tangazo." Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Najua wengi mtasema nimtumie yule mama peke yake. Hata ile ya studio niliruhusu ikae ukutani peke yake. Nikishaituma nitamzuia nani asiisambaze? Kesho nitaikuta imeandikwa KABLA, mwanangu awe pande zote mbili za lile tangazo. Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na sina pa kuipeleka.

Leo asubuhi yule mama amenitumia picha ya mwanawe. Amevimba hadi shingo imepotea. Ameandika, "Dada, nadhani dawa ndiyo inatoa maji mwilini. Hata kwa Neema ilianza hivi?"

Nimempigia, mtandao wa huko ni dhaifu, simu haiingii. Ujumbe tu ndio unaofika. Picha ya Neema nimeshaifungua, kidole kiko juu yake. Nyie mliozaa na mliozika, niambieni nifanye nini, na mniambie mapema.