Kumtoa Mama Gatini

Mochwari walituchelewesha, na tulipofika gatini Musoma upepo wa asubuhi ulikuwa umeshageuka. Sasa ulitoka ziwani, unaubana mtumbwi wetu kwenye gati. Ng'ambo, kijijini, kaburi la mama lilikuwa limeshachimbwa, na kwetu kaburi halilali wazi. Wenye boti ya injini walijitolea kutuvuta. Baba akakataa. Alisema alimpeleka mke wake nyumbani kwa tanga siku ya harusi, na leo atampeleka kwa tanga. Ubishi wake uliniudhi siku zote, lakini siku ile ulinichoma.

Jeneza tulililaza katikati. Baba akakaa nyuma, ameshika kamba iliyotufunga gatini. Mimi, niliyeolewa Bunda na mikono ikalainika, nikashika upondo mbele, mahali pa mama kila waliposafiri na baba. Kazi yenyewe ni hivi: wa mbele anakita upondo chini ziwani na kusukuma mpaka mtumbwi uelekeze pua nje, tanga linashika upepo, na papo hapo wa nyuma anaachia kamba. Akichelewa kidogo tu, upepo unawarudisha.

Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Pua ikageuka, tanga likajaa. Baba akabaki na kamba mkononi, ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri hodi. Upepo ukaturudisha, tukajigonga gatini, jeneza likasogea. Wanawake waliotusindikiza wakapiga yowe.

"Baba, umelala?" nikafoka.

"Mbona hukugonga?"

Sikumwelewa. Akasema bila kunitazama, "Mama yako alikuwaga anagonga ubao na upondo. Mara mbili. Mimi siangaliagi mbele. Nasikiaga tu, naachia."

Utoto wangu wote nilidhani mama anakung'uta matope. Hakuna aliyeniambia, na wao wenyewe sidhani kama waliwahi kulizungumza. Nililia nimesimama vilevile, upondo mkononi, na hasira yote ikaniisha.

Nikajifuta uso kwa khanga. "Basi tujaribu tena, baba. Nitagonga."

Aliliangalia jeneza kwa muda, akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Ukigonga wewe, nitasikia kwamba siyo yeye."

Akaanza kushusha tanga. Mimi nikawapungia mkono wenye injini watutupie kamba.