Matuta Mawili ya Mama

Nikifungua gunia la viazi hapa sokoni Mlandege, ile harufu ya udongo mbichi inanirudisha Kilolo, kwenye shamba la mama.

Mama alisoma mwenyewe kwenye Biblia kwamba ukivuna usimalize shamba, pembeni uwaachie maskini na wageni. Basi akaacha matuta mawili ya viazi, na sisi wenyewe tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Mwinjilisti wetu akamwambia mbele ya watu, "Mama, hiyo sheria ya zamani. Ukijisomea bila mwalimu utapotea na watoto wako." Watu wakacheka. Mama akafunga kitabu.

Mimi damu ilinichemka. Asubuhi nikabeba jembe nikayachimbe yote, aibu iishe.

Ukungu ulikuwa mzito. Nikamkuta mwanamke simjui, mtoto mgongoni, anafukua viazi kwa vidole, taratibu, kama anatoa mayai chini ya kuku. Kila kiazi anakipangusa, anasema asante, na mbele yake hakuna mtu. Nikafungua mdomo nimfokee. Mkono ukanishika bega. Alikuwa mwinjilisti, anapita kwenda kugonga kengele, kofia ameishika kifuani.

"Nyamaza, mwanangu," akanong'ona. "Mwache achimbe."

Tukasimama pale mpaka yule mwanamke akajaza kitenge chake, akaondoka. Mwinjilisti alikuwa bado anaangalia tuta lililofukuliwa.

"Twende kwa mama yako," akasema. "Nataka anisomee pale mahali."