Masizi Ubavuni mwa Yana

Naweka dau la kondoo wangu dume, yule mwenye pembe nne, kwamba hakuna hata mmoja wenu atakayeamini habari hii. Mtu alikuwa na alpaka, yule mnyama wetu wa sufu mwenye shingo ndefu, mweusi kuliko wote katika milima yetu, halafu akampaka masizi ya chungu ili aonekane mweusi. Haya, cheka. Mimi nilicheka kabla yenu, na kwa kucheka hakuna anayeniweza kuanzia hapa mpaka kwenye barafu.

Mtu mwenyewe ni Tiburcio Ccopa, kompadre wangu, maana mimi ndiye baba wa ubatizo wa binti yake. Tiburcio ana mdomo. Mimi pia ninao, lakini wangu unajua njia ya kurudi nyumbani.

Enzi za baba yake zizi la akina Ccopa lilikuwa na kila rangi: kijivu, kahawia, rangi ya mchanga uliolowa, na weusi wa kutosha. Kisha wanunuzi wa sufu wakaja na wimbo wao: nyeupe, nyeupe, nyeupe, kwa sababu nyeupe unaitia rangi uitakayo. Sote tukaitikia. Aliyezaliwa mweusi alikwenda chunguni. Mimi mwenyewe niliwala na viazi vikavu mpaka nikasahau kwamba mweusi naye ana sufu. Tiburcio akagoma.

"Baba aliniachia weusi," akasema, "hakuniachia chokaa."

Akachekwa miaka. Majike wakazeeka, mbweha akala watoto, baridi ikamaliza waliosalia. Akabaki na majike watatu na dume mmoja kijana aliyeitwa Yana, jina ambalo kwetu maana yake ni mweusi tu, basi. Yule dume akifa bila mtoto, kazi ya baba, babu na babu wa babu imekwisha.

Mkutano wa kijiji nao ukaleta yake. Madume wa rangi huruka kuta za mawe, na kesho yake jike wako mweupe anazaa kitoto chenye mabaka kama kibarakoa cha mwendawazimu. Ikapitishwa: kila dume asiye mweupe ahasiwe kabla ya mvua. Tiburcio alipiga kelele mpaka mate yakamkauka, ndipo tukamwachia upenyo mmoja. Dume atakayeshika nafasi ya kwanza katika rangi yake kwenye maonyesho ya wilaya ataachwa mzima. Mwaka ule walikuwa wamerudisha kundi la weusi. Kwa hiyo ilikuwa ni utepe au kisu.

"Utepe?" Tiburcio akasema. "Leteni na wa akiba, Yana ana shingo mbili za kuuvaa!"

Sasa niwajulishe kwa Komandante. Huyu ni lama, binamu mkubwa wa alpaka, dume mkubwa kama mlango wa kanisa, aliyewekwa na alpaka tangu hajaacha ziwa, akakua akijiona ndiye mkubwa wa nyumba. Kazi yake kulinda. Mgeni anatemewa mate, mbwa anapigwa teke, na siku moja kweli alimkanyaga mbweha akamvunja mgongo. Mbweha, nasema. Katika mdomo wa Tiburcio mbweha akakua akawa puma, yule chui wa milima yetu asiye na madoa, na mwaka uliofuata puma akaoa, wakawa wawili.

"Kompadre," alikuwa akiniambia, "puma akinusa mkojo wa Komandante anageuka na kuomba radhi."

"Na akiwa na mafua?"

"Nyamaza. Wewe mbwa wako analindwa na paka."

Kanivali ikafika. Tiburcio akaona shujaa asiyeonekana hana faida. Akamvalisha Komandante kengele shingoni na vishada vya uzi mwekundu masikioni, akateremka naye mpaka kiwanjani kijijini, apite katikati ya ngoma. Kundi likabaki juu kwenye majani na mkewe Damiana na mbwa mzee asiye na meno. Jua lilikuwa bado liko juu. Tiburcio alikuwa amesimama mbele yangu, kikombe mkononi, akinipigia ile hadithi ya mkojo, na saa ileile puma alikuwa juu ya mbavu za Yana.

Damiana alimtoa kwa kombeo na matusi. Alimlenga jiwe la pua, puma akaachia. Halafu akaketi juu ya mnyama akamshona kwa sindano ya magunia. Haya yote Damiana alinisimulia baadaye sana. Siku ile sikujua lolote, nilikuwa nacheza.

Tiburcio alirudi, kengele za Komandante zinalia. Akaona damu, akakaa chini.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Nisimwambie nini? Kwamba mlinzi wetu alikwenda kucheza ngoma?"

"Damiana, tafadhali."

"Nimekuwa nikikufichia mengi, mume wangu. Chumba kimejaa, lakini hili nalo nitalibana humo."

Kidonda kikapona vizuri. Sufu ikaota tena, na pale palipochanwa ikaota nyeupe. Ndivyo ilivyo kwa mnyama mweusi: ngozi ikishaumizwa inasahau rangi. Nywele nyeupe zilichanganyikana chini ya sufu ndefu, baka la ukubwa wa kiganja, na usipofunua hulioni.

Asubuhi ya maonyesho Damiana alikuwa akifunga jibini na viazi kwenye kitambaa. "Mwonyeshe mwamuzi lile kovu," akasema. "Binti ya dada yangu anafanya kazi kule kwenye meza. Anasema jeraha halihesabiwi, ukilitaja mapema."

"Nikilitaja wataniuliza nani kamjeruhi."

"Utawaambia puma."

"Mbele ya Nicanor? Huyu ataimba mpaka Pasaka!" Nicanor ni jirani yetu mwenye weupe wengi na huruma kidogo.

"Acha aimbe. Wimbo hauhasi mtu."

Tiburcio akaenda jikoni, akakwangua masizi chini ya chungu, akayakanda na mafuta ya lama, akarudi kwa Yana. Damiana alimtazama tu. Aliniambia: "Alikuwa anampaka taratibu, kompadre, kama anapaka mtoto dawa."

Kwenye maonyesho kabla ya kitu chochote wanatenganisha rangi. Mwamuzi alikuwa injinia mmoja wa mifugo, mwanamke, mfupi, mwenye buti za mpira. Hatazami ncha za sufu, maana jua letu linachoma weusi mpaka ncha zinakuwa nyekundu kama chai. Anaweka viganja viwili ubavuni, anafunua kama kitabu, anasoma shina. Mweupe huku, kahawia kule, kijivu pale. Mwenye mabaka anatolewa uwanjani.

Weusi walikuwa wanne. Alifunua wa kwanza: shina ni kahawia iliyokolea, nenda kwa ndugu zako. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu mweusi, ila sufu ngumu kama paa la nyasi. Akafika kwa Yana, akafunua begani. Akamwita msaidizi wake aje aone. Nilikuwa kwenye kamba na wenzangu, na mimi ninayejua kila kitu nawaambieni sijawahi kuona sufu nyeusi namna ile, inang'aa kama maji ya kisimani. Tiburcio alianza kuvuta kofia yake nyuma, tayari kwa utepe.

Injinia akafunua ubavu wa pili. Akatazama vidole vyake. Akatoa leso, akafuta sufu, leso ikawa nyeusi na sufu ikawa nyeupe.

Uwanja mzima ukasema "aaah."

Sasa sikilizeni. Yule mama hakumfukuza. Aliinama karibu naye, akauliza kwa upole kabisa: "Don Tiburcio, hili ni kovu? Kama ni kovu sema. Nani kamjeruhi?"

Nicanor akaegemea kamba. "Sema, don Tiburcio! Au Komandante amemng'ata?" Watu wakacheka. Komandante mwenyewe alikuwa amefungwa palepale kwenye nguzo, na kengele zake.

Tiburcio akamtazama Nicanor, akatutazama sisi sote. Akanyoosha mgongo.

"Kovu gani?" akasema. "Mnyama wangu hajawahi kuguswa. Ana mlinzi."

Injinia akakunja leso. "Basi ni baka, na limefichwa. Mtoe."

Utepe ulikwenda kwa yule mwenye sufu ya paa la nyasi.

Mkutano ulikaa wiki hiyohiyo. Tiburcio akasimama, kofia mkononi, jambo ambalo hatukulizoea. Akasema yote: kanivali, kengele, puma, sindano ya magunia. Alisema kwa sauti ndogo, na sisi hatukuijua ile sauti.

"Puma?" Nicanor akaruka. "Si ulisema wanageuka na kuomba radhi?"

"Nilidanganya."

"Ulidanganya wakati ule au sasa?"

Tulicheka mpaka machozi. Damiana akasimama akasema ni kweli tupu, akaambiwa mke mwema hutetea. Yana alikuwa nje, amefungwa ukutani. Hakuna aliyetoka kumfunua. Na mimi, kwa kuwa siwezi kuona kicheko kinapita bila kukitia chumvi, nikapaza sauti: "Kompadre, mwakani utatuambia puma ndiye aliyempaka masizi!" Kisha ikaulizwa nani anataka kisu, mikono ikapanda.

Yana alihasiwa kabla ya mvua. Tiburcio mwenyewe alimshika kichwa, akamziba macho kwa poncho yake.

Wakati wa kukata sufu nilikwenda kumsaidia, kama anavyonisaidia yeye. Tulimlaza Yana juu ya turubai, mimi nikashika miguu, yeye akakata. Hapigi tena hadithi. Komandante alisimama mbali kidogo akilinda, kwa uaminifu kabisa, dume asiye na kazi. Sufu ikaviringika chini, nyeusi tii, na ubavu ukabaki uchi. Mistari minne ya makucha, imenyooka, kila mmoja na alama za uzi wa gunia pembeni. Niliweka vidole vyangu juu yake. Vilienea, nafasi ikabaki.

Tiburcio aliendelea kukata. Hakunitazama.

Siku ya mkutano nilisema anadanganya, nikanyoosha mkono. Nilikosea.