Nilimtilia mume wangu dawa ya fangasi kwenye mlenda, lawama akabeba dada yake

Admin, naomba unifiche vizuri, hata mtaa usiutaje. Binti wa wifi yangu anafuatilia ukurasa huu na ana macho makali.

Nina miaka 36, mke wa ndoa ya kanisani, watoto watatu. Tunalima alizeti na vitunguu pembezoni mwa Singida mjini. Mume wangu ana miaka 49 na ana kisukari, mwaka wa nne sasa anameza kidonge kila asubuhi. Nimejaribu kulia, machozi hayaji, kwa hiyo msinishangae nikisimulia kama habari za jirani.

Mimi nilikuwa nasumbuliwa na fangasi sehemu za siri. Zahanati walinipa kapsuli moja ya fluconazole, ile ya miligramu 150, nikameza mara moja nikapona. Baada ya miezi miwili zikarudi. Nikapewa tena, nikapona, zikarudi. Rafiki yangu wa kwaya akaniambia najisumbua bure, mwanaume ndiye anayenirudishia, asipomeza na yeye nitatibiwa mpaka nizeeke. Nikamweleza mume wangu kwa adabu zote. Hakupandisha hata sauti.

"Fangasi ni ugonjwa wenu wanawake," alisema. "Mimi nina wangu unanitosha." Akachukua jembe akatoka.

Nikaenda duka la dawa. Muuzaji, binti mwenye heshima zake, alinipa shikamoo kisha akauliza huyo baba ana ugonjwa mwingine, au kuna dawa nyingine anatumia. Nikamjibu ni mzima wa afya. Niliogopa akisikia sukari ataniambia nimlete mwenyewe. Akanipa kapsuli moja, akasema inatosha. Mimi kwa ujuaji wangu nikajiuliza mtu mwenye mwili kama wa mume wangu moja itamfanya nini, nikapita maduka mengine mpaka zikafika nne.

Kapsuli inafunguka kirahisi, unga unamwagika wenyewe. Kwetu mlenda haukosi, na mlenda unaficha kila kitu. Siku nne mfululizo alikula, akasifia, akaramba vidole.

Wiki hiyo hiyo dada yake mkubwa alikuja kutoka Mkalama na chupa ya mizizi ya kushusha sukari. Huyu wifi yangu ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufariki, mpaka leo anamwita mwanangu. Mume wangu akanywa vikombe viwili kumridhisha.

Siku ya tano asubuhi alianguka shambani. Nilimkuta ameloa jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la mama yake. Hospitali wakapima wakakuta sukari imeshuka mno, wakamwekea dripu. Alipozinduka daktari akauliza kama kuna kitu kingine anatumia mbali na kidonge cha sukari. Mume wangu akaitaja ile chupa. Daktari akanigeukia mimi.

"Mama, kuna kitu kingine?"

Nikasema hakuna. Wakati ule sikujua kwamba ile dawa ndiyo iliyomwangusha, lakini nilijua nimemtilia, na nikasema hakuna.

Daktari akaagiza mizizi iachwe na kidonge cha sukari kipungue kiwe nusu. Mume wangu akampigia dada yake simu palepale kitandani, akamwita mchawi kwa Kinyiramba, akamwambia asikanyage tena kwake. Manesi hawakuelewa. Mimi nilielewa kila neno.

Mwezi uliopita fangasi zangu zikarudi. Safari hii nesi, kabla ya kuniandikia dawa, akauliza kama nina mimba, kama nina shida ya ini, kama kuna dawa nyingine natumia. Nikamuuliza maswali yote hayo ni ya nini kwa kapsuli moja. Akasema dawa hiyo haielewani na dawa nyingi, na ikikutana na baadhi ya vidonge vya sukari inavizidishia nguvu mpaka mtu anazimia. Akaongeza kwamba fangasi zinazorudirudi mtu anatakiwa apimwe, asiendelee kumeza tu, na kwamba mume asiyewashwa kwa kawaida hana haja ya kumeza chochote. Nikamshukuru. Nikapita sokoni nikanunua nyanya, nikaenda kupika. Tangu siku hiyo sisikii kitu, hata chakula nakitia chumvi mara mbili.

Sasa mume wangu anakunywa maji jagi kwa jagi, na kidole cha mguu kina kidonda kisichofunga. Kidonge chake kilipunguzwa kwa sababu ya uongo wangu. Wifi nilikutana naye msibani, nikampa shikamoo. Akanishika mkono.

"Marahaba, wifi. Wewe ndiye unayempikia. Niangalizie mwanangu."

Sijui kama anajua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimeficha ya kwangu na ya mwenzangu.

Nimefikiria kumwona daktari pembeni, kidonge kirekebishwe kimyakimya. Lakini wifi atabaki na jina la mchawi mpaka anaingia kaburini. Nikisema mbele ya mume wangu, hatakula tena mkononi mwangu, na sitamlaumu.

Alhamisi tunarudi kliniki. Mume wangu anataka niwepo, anasema mimi ndiye shahidi wake, najua anachokula kuliko yeye mwenyewe. Wa kunitukana atukane, nimeshajitukana. Ila daktari ataniuliza tena kama kuna kitu kingine, na mume wangu atakuwa amekaa pembeni yangu. Nishaurini ndugu zangu, nijibu nini?