Kanzidata ya Mwenyekiti

Emilia ndiye aliyetunza seva ya ushirika wa wakulima wa zabibu Makutupora, kompyuta yenye orodha ya wanachama wote. Kamati iligawa ruhusa za kuingia humo kama nyama ya mbuzi wa sherehe, mkubwa kwanza, na mwenyekiti, Mzee Gerson, akataka ruhusa ya kufuta.

“Shikamoo mzee. Ukibonyeza vibaya majina yote yanapotea, na asiye na jina kesho hauzi zabibu.”

“Marahaba. Kwa hiyo wewe binti ufute, mimi nitazame tu kama mgeni?”

Emilia hakubishana. Alimtengenezea kanzidata ya peke yake, akaijaza wakulima mia nne wa kubuni, akampa ruhusa zote.

Mzee alifuta asubuhi nzima. Aliyelima kidogo alimfuta, na mwenye jina refu alimfuta pia. Mchana akaja na wasiwasi.

“Huyu Optatus nimemfukuza tangu saa tatu. Mbona haji kulalamika?”

“Amekuogopa, mzee.”

Akaondoka kifua mbele. Kesho yake wakulima wa kweli waliitwa mmoja mmoja, wakauza zabibu zao zote, hakuna aliyekosekana.

Jumatatu wajumbe sita wa kamati walimkuta Emilia mlangoni, kila mmoja akidai kanzidata yake kama ya mwenyekiti. Katibu alitaka wakulima mia tano.

“Utampitaje mwenyekiti?” Emilia akamuuliza. “Chukua mia tatu na tisini.”

“Ongeza kidogo, dada.”

“Basi nakuwekea na ng’ombe kumi.”

Katibu akafikiri, kisha akauliza kama wana ndama.