Kalibu Yenye Alama ya Baba

Kalibu ya kwanza niliyopewa kushika haikuwa ya manati. Ilikuwa chuma kizito chenye mikono miwili kama koleo, na ukiifungua unaona mashimo mawili ya kumiminia madini yaliyoyeyuka, yenye umbo la risasi, butu mbele, bapa nyuma, mapana kuliko kidole changu gumba. Fundi alisema aliikuta kwenye vyuma chakavu vya shamba la zamani la mzungu, enzi watu walipojitengenezea wenyewe risasi za bastola zao zenye mdomo mpana. Niliifungua na kuifunga mara kadhaa. Nakiri kwamba nilimwona jirani yetu ndani ya yale mashimo. Sikuwa na bastola, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana roho yangu siku ile haikuwa mahali pazuri.

Mimi hushona nguo Kibwezi, na fundi huyo yuko milango miwili kutoka kwangu. Huyeyusha alumini akatengeneza vifuniko vya sufuria, na pembeni huuza kalibu za kumiminia gololi za madini ya risasi, zile ambazo wakulima wa mtoni huwafukuzia tumbili kwa manati. Kwa hiyo mwanamke kununua kalibu kwake si habari. Nilimwambia tumbili wamenizidi. Tumbili niliyemkusudia alikuwa jirani yetu huyo, mzee wa kanisa kule kwetu Matinyani.

Baba yangu alifuga nyuki. Alichonga mizinga ya magogo na kuitundika kwenye migunga iliyo mpakani mwetu, na kila mzinga aliuchoma alama kwa chuma cha moto: mistari mitatu na nukta. Ilikuwa alama ya mishale ya babu. Zamani wawindaji wa kwetu walitia alama kila mshale, ili mnyama akianguka na mishale miwili mwilini, watu wasibishane. Baba hakuwinda, lakini alama aliirithi na akaitunza.

Alipofariki, jirani huyo ndiye aliyeongoza maombi kaburini, na alilia kweli kweli. Miezi michache baadaye akaiangusha migunga yetu na kuchoma makaa. Mizinga yote sita ikapotea. Mama alipomwendea kuuliza, alijibiwa kwamba nyegere ndiye aliyeivunja. Nyegere gani huyo anayejua kutumia shoka? Kisha akamwambia mama, mbele ya watu, kwamba mjane akianza kushuku majirani anahitaji kuombewa. Mama alirudi nyumbani na hakulitaja tena jambo hilo. Mimi nililiweka moyoni, nikalilisha kila siku, na likanenepa.

Sasa nilikuwa mbele ya fundi nikichagua. Ile kalibu ya bastola niliitaka kwa uzito wake, lakini alinikataza. Risasi ya umbo lile ikitoka kwenye manati, alisema, hupinduka njiani na kwenda inakotaka. Manati inataka duara. Akanipa tatu za duara. Ya kwanza ilitoa gololi ndogo kama punje ya mahindi, na nikairudisha bila kufikiri. Ya pili ilikuwa ya chuma, na nilipoiinua juani niliona mwanga ukipenya pale nusu mbili zinapokutana, yaani gololi ingetoka na ukingo na kupinda hewani. Ya tatu ilikuwa ya alumini, ilifunga vizuri, na gololi yake ilikuwa kubwa. Alinionya kwamba kubwa hivyo haifiki mbali, ni lazima nisogee karibu. Nilimwambia nitasogea.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu. Nilimwomba anichongee ndani ya nusu moja mistari mitatu na nukta, ili kila gololi itoke na alama. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu baba yangu awepo siku ya kulipiza. Mizinga ilikuwa imeisha yote, kwa hiyo nilijiambia kwamba hiyo alama haijulikani tena na mtu yeyote isipokuwa mimi na mama.

Nilimimina mwenyewe nyuma ya banda lake. Gololi za kwanza zilitoka zimekunjamana kwa sababu kalibu ilikuwa baridi, nikazirudisha kwenye moto. Iliposhika joto zikaanza kutoka laini, na alama imeinuka vizuri ubavuni. Niliweka nne mfukoni na kupanda gari la Kitui, kwenda kwetu.

Jumapili nilimwambia mama kichwa kinaniuma, naye akaenda kanisani peke yake. Jirani yetu alikuwa huko, ameketi mbele na wazee wenzake. Nilivuka mpaka nikasimama hatua chache kutoka kwenye tangi lake la maji. Tangu utotoni, nikilinda mtama dhidi ya ndege, sikuwa mbaya kwa manati. Gololi ya kwanza iliukosa mfereji wa kutolea maji. Ya pili iliuvunja pale unapoingia kwenye tangi, plastiki iliyokuwa imechomwa na jua miaka mingi, na maji yakaruka. Nilisimama pale nikayatazama yakiisha. Nilifurahi, tena sana, na sitasema uongo kuhusu hilo.

Furaha ilikaa mpaka Jumatatu asubuhi, nilipomwona mke wake akishuka mtoni na mitungi. Mama alipougua, mama huyu alimletea uji kila siku, bila kuombwa. Sikuwa nimemfikiria hata kidogo.

Mumewe aliikuta gololi moja kwenye tope. Akaizungusha sokoni na kanisani, akiuliza kila mtu alama ile ni ya nani. Alipoileta kwetu, mama aliisogeza machoni kwa muda mrefu, kisha akasema macho yake yamezeeka, haoni kitu. Jirani alipoondoka, mama hakunigombeza. Aliendelea kuchambua pojo.

“Baba yako aliweka alama ili asikane,” alisema. “Wewe umeiweka ya nini?”

Kabla sijarudi Kibwezi, jirani alimwita mzee wa kijiji na majirani wote nyumbani kwake, amtafute adui yake hadharani. Tulikaa kwenye viti vya plastiki. Gololi ilipitishwa kwenye sahani, mkono kwa mkono, na kila mmoja akatikisa kichwa. Mimi nilitikisa changu pia. Kisha ikamfikia mke wake, aliyekuwa akigawa chai. Aliitazama mara moja tu.

“Hii si ile alama ya gogo la kuku?” akamwuliza mumewe. “Mimi huiona kila siku nikitoa mayai.”

Mama huyu hakuwa na hila. Alidhani anamsaidia. Mumewe, ambaye hakuwahi kuinamia kiota cha kuku, alifungua mdomo, lakini mzee wa kijiji alikuwa ameshainuka kwenda nyuma ya jiko. Alirudi amelikumbatia gogo, manyoya na nyasi zikidondoka. Mistari mitatu na nukta. Aliweka gololi juu ya gogo, akawatazama watu, akasema mwenye mzinga asimame.

Nilichokisubiri miezi yote hiyo kilikuwa mbele yangu, na nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe. Atakayedai mzinga ndiye aliyevunja mfereji. Nikinyamaza, jirani atasema gogo aliliokota, na mambo yataishia hapo. Nikiwa bado napima, niliona mama akikaza fimbo yake ardhini aanze kuinuka. Alikuwa tayari kulibeba lote mwenyewe. Nikasimama kabla yake.

“Kaa, Mwaitu,” nilimwambia mama. “Mzinga ni wa baba. Gololi ni yangu.”

Mzee wa kijiji hakuchukua muda. Mimi niweke mfereji mpya na nichote maji na mama wa nyumba ile mpaka mvua ije. Jirani aurudishe mzinga, autundike kwa mikono yake juu ya mti ulio uani kwetu, watu wakiona. Nilichota. Mama yule hakunisema hata siku moja, na njia ya mtoni haijawahi kuwa ndefu vile.

Siku ya kutundika, jirani alikuja na ngazi ya miti, na watu wakaja kama walivyoambiwa. Ngazi iliyumba alipofika katikati, gogo likiwa begani. Akanitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi. Mikono yangu niliiacha mifukoni, na humo mfukoni gololi mbili zilikuwa bado zimebaki. Alipanda mpaka juu peke yake, na ngazi sikumshikia.