Mchungwa wangu wa kwenye ndoo

Leo chungwa limeniumbua mbele ya mama mkwe.

Mnaujua mchungwa wangu wa kwenye ndoo ya rangi, hapa uani Msimbazi. Mche alinipa yeye mwenyewe, kautoa kwao Muheza. Nami nikamwapia: mama, nitakulisha machungwa matamu kuliko ya kwenu.

Miaka minne mtaa mzima nimeutangazia.

Leo kaja kuonja tunda la kwanza. Majirani wote macho kwangu.

Akatafuna. Jicho moja likajifumba.

"Baba Zuhura, hili limau."

"Mama, halijaiva tu!"

Akainama shinani. "Nilikupa mche wa kubebesha. Chini shina la mlimau, juu limeungwa tawi la mchungwa. Tawi la juu liko wapi?"

Nikakumbuka. Lilikuwa limedumaa, nikalikata. Chipukizi la chini lilikuwa linapaa, ndilo nikalipa samadi.

"Mchungwa wangu umeukata kwa mkono wako," akasema. "Haya, nichumie mengine matatu, nina samaki."

Jamani, machipukizi yanayotoka chini ya pale mche ulipobebeshwa, yang'oeni mapema.

Ila limau lenyewe unalibeba kwa mikono miwili. Anayebisha aje, na samaki wake mkononi.